Xoloitzcuintli: mbwa wa Meksiko asiye na manyoya, na anayefaa kumfuga

Wengi humtaka Xoloitzcuintli kwa sababu ya ngozi yake, nami nasema mapema kwamba tabia yake ndiyo inayopaswa kumwamulia mnunuzi. Ngozi yenyewe ni nzuri kweli: nyeusi, ya kijivu au ya rangi ya shaba, laini, tupu kabisa isipokuwa vinyweleo vichache ambavyo baadhi yao huwa navyo utosini, vidoleni na kwenye ncha ya mkia. Ukimgusa huhisi joto jingi, ingawa joto la mwili wake halizidi la mbwa wengine. Ni kwamba hakuna manyoya ya kulizuia lisifike kiganjani. Shingo ni ndefu, masikio ni makubwa na husimama wima anapokuwa makini, na vimo ni vitatu, kuanzia sentimita 25 hadi 60 mabegani. Mimi humpendelea yule mkubwa, ambaye umbo lake jembamba huonekana lote.

Upara huo hutokana na badiliko katika jeni moja, FOXI3, linalogusa pia meno, na ndiyo maana wengi wao hukosa baadhi ya magego bila kuwa wagonjwa. Katika uzazi mmoja huweza kuzaliwa pia watoto wenye manyoya, ambao ni Xoloitzcuintli halisi kama ndugu zao.

Kuhusu tabia, huyu ni mbwa mtulivu, mwangalifu, asiyebweka ovyo, ambaye humchunguza mgeni kwa mbali na mara nyingi humchagua mtu mmoja nyumbani na kumfuata chumba hadi chumba. Uaminifu huo unagusa moyo, lakini una gharama yake, kwani akiachwa peke yake kutwa nzima huhangaika, na kwa akili aliyonayo hutafuta njia ya kutoroka. Akiwa mchanga ana nguvu nyingi na hutafuna vitu, na utulivu unaosifiwa huja akishakomaa, pengine baada ya miaka miwili. Ukali haumfunzi lolote. Hufunga moyo na kukataa kushirikiana.

Matunzo ya ngozi si mazito, ila hayakwepeki: kuogeshwa kwa kiasi, kuangaliwa chunusi hasa akiwa kijana, kivuli au mafuta ya kukinga jua kwa wenye ngozi ya rangi nyepesi, na vazi wakati wa baridi. Mwenye mzio asidanganyike, kwa sababu mate na vumbi la ngozi bado vipo.

Kwao Meksiko alikaribia kutoweka, hadi wapenzi wa mbwa walipomtafuta vijijini katika miaka ya 1950; nchini Marekani AKC, chama kinachosajili aina za mbwa, kilimwondoa katika daftari lake mwaka 1959 na kumrudisha mwaka 2011. Kwa uhaba huo, bei yake ni kubwa. Namsifia bila kusita kwa anayeshinda nyumbani, lakini kabla ya kulipa, aombe kuwaona wazazi wote wawili na kukaa na mbwa mzima, si mtoto pekee.