Uhuru Afrika ya Randy Weston: kama ni albamu moja tu ya jazz, anza na hii

Wapenzi wa jazz wakianza kubishana albamu ipi kali kuliko zote, hata dakika mbili haziishi utasikia Kind of Blue ya Miles Davis, mwingine anadakia A Love Supreme ya John Coltrane, na mjadala unazunguka hapohapo mpaka watu wanaenda kulala. Sina ugomvi na hizo mbili. Kind of Blue ni ya 1959 na mpaka leo naiweka na hainichoshi hata kidogo. Ila mtu anayeongea Kiswahili akiniuliza aanzie wapi kwenye jazz ya Marekani namtajia Uhuru Afrika ya Randy Weston, mpiga piano Mmarekani mweusi, bila kufikiria mara mbili, na inaniuma sana kwamba mashabiki wengi wa huku kwetu hawajawahi hata kuisikia jina.

Yaani unaiwasha tu, ngoma zinapigwa, halafu kwenye utangulizi unamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasema kwa Kiswahili maneno ya mshairi Langston Hughes. Hii ni New York, Novemba 1960. Mwaka huohuo nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Kongo mwezi wa sita, Somalia mwezi wa saba, Nigeria mwezi wa kumi, na Weston alitaka kazi ya kusherehekea hilo. Alisimulia mwenyewe kwamba alizungumza na Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa kutafuta lugha ya Kiafrika ya kuibeba kazi yake, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Sasa fikiria, Sanga anatamka uhuru mbele ya maikrofoni wakati Tanganyika yenyewe imebakiza zaidi ya mwaka mmoja kuupata, na Kenya na Zanzibar zaidi ya mitatu. Huyo mtu alikuwa anasoma kitu ambacho kwao kilikuwa hakijafika bado, na ukilijua hilo unaisikia tofauti kabisa.

Albamu ni kazi moja ndefu yenye sehemu nne baada ya utangulizi: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Usiisikilize kwa kurukaruka, usichukue wimbo mmoja ukauchanganya na vitu vingine, iache iende kuanzia mwanzo mpaka mwisho maana ndivyo ilivyotungwa.

Sasa niseme kilichonifanya niandike yote haya, ni Melba Liston. Sifa nyingi za albamu hii zinaenda kwa Weston na ni haki yake, yeye ndiye mtunzi na ndiye yuko kwenye piano, lakini aliyepanga vyombo vyote vile, aliyeamua tarumbeta ziingie wapi na saksafoni zinyamaze lini, ni huyu mama. Alizaliwa Kansas City 1926, mwaka mmoja na Weston, akapuliza tromboni kwenye bendi za wanaume watupu kuanzia kwa Gerald Wilson mpaka kwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, wakati mwanamke kwenye jazz alikuwa anategemewa asimame mbele aimbe basi. Na humu utasikia kwa nini walimhitaji. Alikuwa na kundi kubwa mno la watu, tarumbeta nne, tromboni, saksafoni na filimbi, gitaa, mabesi mawili, drams, tumba (zile ngoma ndefu za Kuba za kupigwa kwa mikono), waimbaji wawili, na bado kila kitu kina nafasi yake. Wapulizaji wa chini anawatumia kama ukuta hivi, wanatanda taratibu nyuma, halafu piano ya Weston inagonga katikati na unaisikia vizuri kabisa. Mpangaji mwingine angejaza kila pengo. Liston anaacha mapengo, na hayo mapengo ndiyo yanakufanya ungoje kitakachofuata.

Halafu waangalie waliokaa humo studio. Max Roach na Charlie Persip kwenye drams, Babatunde Olatunji kutoka Nigeria kwenye ngoma, Candido Camero na Armando Peraza wa Kuba kwenye tumba na bongo. Clark Terry kwenye tarumbeta, pembeni yake Freddie Hubbard akiwa kijana wa miaka 22 tu. Yusef Lateef, Gigi Gryce, Sahib Shihab, Budd Johnson, Cecil Payne na saksafoni yake nzito ya baritone, Kenny Burrell kwenye gitaa, Ron Carter na George Duvivier kwenye besi. Ukiwa na albamu kumi za jazz za miaka ile nyumbani basi nusu ya majina haya unayo tayari, ila kuyakuta yote mahali pamoja yanapiga kitu cha namna hii, hapana, hiyo ni nadra sana.

Sehemu niipendayo kuliko zote ni Bantu. Hapo ngoma hazijawekwa kama kiungo cha kupamba, ndizo zinaongoza, na wapulizaji ndio wanafuata wanakotakiwa kwenda. Watu wengi wa Marekani enzi zile wakitaka ladha ya Afrika walikuwa wanaongeza tumba moja nyuma ya wimbo uleule wa kila siku. Hapa kuna mpiga ngoma wa Nigeria, kuna Wakuba na kuna Wamarekani weusi wa drams, wanaongea kwa mapigo na unasikia wanaelewana, na kama umekulia sehemu yenye ngoma za harusi au za jando mwili wako utajua cha kufanya kabla kichwa hakijaelewa. Kucheza Blues nayo inakuja mwisho, nyepesi zaidi, watu wanapeana zamu za kupuliza, ni sherehe sasa, kazi imeisha watu wanacheza.

African Lady ndiyo itakayogawa watu. Imeimbwa na Martha Flowers na Brock Peters, maneno ya Langston Hughes tena, ni wimbo wa kumsifu mwanamke wa Kiafrika. Sauti ya Flowers ni ya mtu aliyesomea opera, iko juu na imenyooka, na kwa mtu aliyezoea Billie Holiday au aliyezoea taarab ya Bi Kidude inaweza kumkaa vibaya masikioni mwanzoni. Mimi naipenda lakini naelewa asiyeipenda. Nikiwa mkweli maneno yenyewe mahali fulani yako juu sana, yanamsifu huyo mwanamke kwa mbali kama sanamu, natamani yangemshusha hata sokoni kidogo. Peters anapoingia na ile sauti yake nzito ndipo wimbo unapata mwili. Lawama nyingine ni kwamba pale vyombo vyote vinapopiga kwa pamoja, studio ya 1960 inaelemewa, ngoma za mkono zinamezwa na drams na huwezi kujua nani ni Candido nani ni Olatunji. Sio kosa la wapigaji, ni watu wengi mno kwa mitambo ya wakati ule.

Watu huwa wanailinganisha na We Insist! ya Max Roach, iliyorekodiwa mwaka huohuo 1960 miezi michache kabla, na Roach na Olatunji wako kwenye zote mbili. Ile ya Roach ina hasira, mwimbaji Abbey Lincoln anapiga kelele za kweli humo ndani, ni kazi kubwa na ni ngumu kuisikiliza ukiwa umechoka. Wengi wataniambia ile ndiyo bora zaidi kwa sababu inapigana. Mimi nasema Uhuru Afrika nayo inapigana, ila kwa kufurahi, na watawala waliliona hilo maana Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku 1964. Serikali haihangaiki na muziki usio na maana.

Kuna jambo nalisikia sana kwa watu wa rika la wazazi wetu, ukitaja jazz wanakumbuka Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Tabora Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, na wanashangaa ukiwawekea piano na saksafoni za New York, wanasema hii mbona siyo jazz tunayoijua. Wana haki yao, zile bendi zilibeba jina wakapiga dansi lao lenye rumba ndani, magitaa yanaongea, na ni muziki mkubwa. Lakini Uhuru Afrika ndiyo nimeona inawapata hata hao. Mzee mmoja wa karibu yangu aliyekuwa hataki kabisa hizo za Wamarekani alikaa nayo mpaka mwisho kwa sababu ya tumba, maana tumba anaijua, Kuba ilishafika kwetu kwa santuri zamani na ndiyo maana Salum Abdullah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Hawa akina Peraza na Candido wanatoka kwenye mzizi uleule uliolisha dansi la kwetu.

Weston hakuishia kutaja Afrika kwenye jalada. 1961 alikwenda Lagos, akarudi tena 1963, 1967 akazunguka nchi nyingi za bara hili na bendi yake, halafu akahamia Moroko akaishi miaka, akafungua klabu pale Tangier. Baba yake alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, yule aliyewahimiza watu weusi waione Afrika kuwa kwao, na alimlea akijua kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Piano yake inasema hivyohivyo, mkono wa kushoto unagonga kama ngoma, unawasikia wapiga piano Duke Ellington na Thelonious Monk humo lakini ana uzito wake, jamaa alikuwa na urefu wa zaidi ya futi sita na nusu na viganja vikubwa mno. Alifariki Septemba 2018 Brooklyn akiwa na miaka 92. Liston alitangulia 1999, baada ya kiharusi kilichomwondoa kwenye tromboni, lakini aliendelea kumpangia Weston muziki kwa kutumia kompyuta. Hiyo mimi naiona ni moja ya urafiki mkubwa kabisa kwenye jazz nzima na inasemwa kidogo mno.

Kuhusu kuisikiliza: usitumie spika ya simu, tafadhali, mabesi mawili yote yatapotea na nusu ya kazi ya Liston iko huko chini. Tafuta hedifoni nzuri au redio yenye spika za maana. Kuna toleo la CD lililoiunganisha na Highlife, albamu ya Weston ya 1963, ukilipata kwa bei isiyoumiza lichukue maana Highlife nayo Liston ndiye kapanga na humo wamepiga nyimbo za watunzi wa Afrika Magharibi.

Alama zangu ni 9 kati ya 10, moja nimeikata kwa ajili ya ule msongamano wa sauti niliousema. Ukishaizoea nenda The Spirits of Our Ancestors iliyorekodiwa 1991, Weston na Liston tena, safari hii Dizzy Gillespie na mpiga saksafoni Pharoah Sanders wamo, rekodi yake ni safi na ngoma za mkono unazisikia moja moja.