Rangi ya kugusia tangi ya nduthi: chukua hii, ile wachia frem

Siku moja nilipaki nduthi yangu, pikipiki, pale Kondele, Kisumu, jamaa akapita na mkokoteni wa mabati akanichorea tangi kutoka kwa kifuniko hadi karibu na kiti, mstari mrefu, chuma inaonekana. Nikaenda hardware nikachukua spre ya mkebe, nyekundu, mia tatu hamsini, nikapuliza jioni na asubuhi ilikuwa inang'aa hadi watu wa steji wakaniuliza nani fundi. Siku ya tatu naweka mafuta, yule wa pampu akamwaga kidogo pale kwa kifuniko kama kawaida yao, nikapanguza, kitambaa ikatoka nyekundu. Rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa chai ya maziwa.

Tangu hiyo siku mimi rangi ya tangi naipima na petroli kwanza, kufanana baadaye. Kama muuzaji ako na kipande alichopaka zamani kikakauka, lowesha kitambaa na petroli kidogo usugue. Ikiwacha rangi kwa kitambaa, rudisha kwa shelf.

Namba moja kwangu ni rangi ya magari ile inachanganywa na hadina, ile dawa ya kuikaza, mafundi wanaiita tu 2K. Hii haikauki tu kwa upepo, inashikana yenyewe ndani ikawa ngumu, ndiyo maana petroli haiisumbui. Unaenda duka la rangi za magari, wanakuchanganyia robo lita. Usiende na picha ya simu, simu inadanganya rangi, beba kava ya pembeni au hata tangi yenyewe. Lakini kabla ubebe, sugua mahali padogo na kompaundi, ile dawa ya kung'arisha rangi, kwa sababu jua limeshaipausha na ukilinganisha na ile vumbi ya juu utachanganyiwa rangi ya pikipiki ya mtu mwingine. Toka nayo nje ya duka muangalie kwa jua, sio chini ya taa.

Shida ya 2K ni mbili. Ukishaichanganya na hadina uko na masaa machache tu, ikibaki inakuwa jiwe kwa mkebe, kwa hivyo pima kidogo na ufuate kipimo kimeandikwa kwa hiyo mkebe, si kile fundi anakumbuka. Na hadina ikifunguliwa inavuta unyevu wa hewa, na sisi tuko kando ya ziwa, funga kabisa. Sisi watatu wa steji tulichanga tukanunua robo moja, kila mtu akachukua yake kabla ya kuchanganywa na hadina, ikatoka bei poa. Alafu usipulize bila maski ya maana, kitambaa ya mdomo haisaidii, moshi wa hadina ni mbaya kwa kifua. Na tangi ukimwaga mafuta usiseme iko safe, ile hewa ya petroli inayobaki ndani ndiyo inalipuka, weka mbali na mtu wa welding. Hapo jua kali watu wanachoma chuma mita mbili kutoka kwa tangi wazi, mimi nikiona hivyo natoka.

Namba mbili, kama pesa haitoshi: spre ya mkebe ya rangi, halafu juu yake klia ya 2K, ile ya juu isiyo na rangi. Rangi inakupa kufanana, klia ndiyo inazuia petroli. Puliza nyembamba nyembamba, ukimwaga klia nzito mara moja inakula ile spre ya chini na inajikunja, utalia mara mbili. Spre peke yake bila klia weka kwa madigadi, huko petroli haifiki.

Ya tatu ni ile chupa ndogo ya brashi. Hii ni ya mkwaruzo mdogo, saizi ya punje ya mchele, sio ya mstari wa mkokoteni. Wacha ile brashi yake, ni nene, tumia kijiti cha meno, weka tone, subiri, weka lingine mpaka shimo lijae. Rangi ya kucha naiweka hapo hapo nyuma yake, watu wanacheka lakini kwa nukta moja inasaidia kuzuia kutu, ila inabanduka vipande.

Rangi ya mafuta ya geti iko mwisho kwa tangi lakini kwa frem, stendi na keria iko sawa kabisa, ni nzito na bei rahisi. Ipe siku nzima kukauka kati ya mkono mmoja na mwingine. Wa Kakamega mnajua mvua yenu ya saa nane, paka asubuhi mapema ama paka ndani. Ekzosi usiipake hii wala ile ya tangi, itafuka moshi wiki nzima na ibanduke, tafuta ile ya joto, digrii zimeandikwa kwa mkebe.

Praima sasa, ile rangi ya chini inayotangulia, hapa ndio wengi wanapoteza. Kutu haifunikwi, inatembea chini ya rangi na miezi michache unaona vipele. Sugua na msasa mpaka chuma iwe nyeupe, msasa namba 240 kwa kutu, namba 400 baada ya praima, na maji. Redoksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu ya chuma, ni nzuri chini ya rangi ya mafuta, lakini ukiweka 2K juu yake ile thina kali inaiinua, kila kitu kinakunjamana. Kwa 2K ulizia praima yake, ama ya epoksi.

Ukitaka kubadilisha rangi ya pikipiki yote, hiyo iko kwa logbook, itabidi uende kwa NTSA kwanza, wale wa usajili wa magari. Kugusia tu hakuna shida.

Ukishamaliza, ipe wiki moja kabla petroli iiguse. Mimi hufunga kitambaa kuzunguka kifuniko nikienda kuweka mafuta, wa pampu wananiuliza kama tangi ni mgonjwa. Mwaka wa pili sasa na bado nafunga.