Bugli ya mtumba kwa kikundi cha trompeti nne: nayipa 4 juu ya 5

Wenye munaandikia trompeti nne tupu bila kitu kingine munajua shida iko wapi, iko kwa sauti ya nne. Trompeti ya si bemoli, ile ya kawaida, inaishia noti yenye inaandikwa fa diyezi ya chini lakini inasikika mi, na kule chini inakuwa kavu, trompeti ya kwanza ikipanda kidogo tu ile ya nne haisikike tena. Kwa fanfari ya parokia yetu hapa Lubumbashi tulichanga tukanunua bugli ya mtumba, ndugu ya trompeti mwenye sauti nene, ile wengine wanaita flugelhorn, pale mjini, dola 250 na sanduku yake ya kubebea.

Niseme mapema juu batu wanadanganyika: bugli ya pistoni tatu (vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole) haishuke chini kupita trompeti. Urefu wa bomba ni ule ule, vidole vile vile, mpiga trompeti anaishika anaanza kupiga. Ya pistoni nne ndiyo inashuka zaidi, ila bei yake nayo ni ingine. Chenye kinabadilika ni rangi ya sauti, juu bomba ya bugli inapanuka polepole kuanzia mdomoni mpaka mbele, ya trompeti inaenda sawa sehemu kubwa. Basi noti za chini zinatoka nene, za mviringo, zinajaza kanisa bila kupiga kelele.

Kwa partisyo (karatasi ya noti) ya Pasaka niliiwekea re ya chini, ndefu, trompeti ya pili na ya tatu zinacheza fa diyezi na la juu yake. Zamani pale palikuwa tundu, sasa mzee wetu wa besi kwa kwaya aligeuka kuangalia nani anapiga! Lakini ile re, pistoni ya kwanza na ya tatu, kwa kawaida inapanda juu kidogo, lazima usukume inje bomba ya pistoni ya tatu. Yetu iko na kamkono ka kuisukuma na kanarudi vizuri. Ukienda kununua anza na hapo, kama hakuna au kamekauka, acha.

Usiiandikie juu sana. Kupita sol ya juu ya mistari sauti inakuwa nyembamba na inatangatanga, pale rudisha trompeti. Lakini ipe melodi ya katikati huku trompeti tatu zimefungwa sordini, kile kizibo cha kupunguza sauti, ah ndugu zangu, jaribuni tu.

Korneti, ile inafanana na trompeti fupi, tuliiazima, ni nzuri ila iko karibu sana na trompeti, haileti tofauti kubwa. Trompeti pikolo, ile ndogo ya sauti ya juu, mi naona si ya kikundi kidogo kama chetu, ni ya bei kali, inachosha midomo, na inaongeza juu wakati sisi tulikosa chini. Trombone ingetupa besi ya kweli, lakini wenye kutusikiliza wanataka trompeti.

Kumbuka pia embushiri (kile kipande cha kuweka mdomo) ya trompeti haiingie kwa bugli, uliza kama yake iko ndani ya sanduku.

Pointi moja natoa juu ya skrubu. Bugli unaitunisha kwa kuvuta bomba fupi ya mbele ya embushiri, skrubu ndogo inaishika. Yetu ilikuwa imekwisha meno, bomba inateleza katikati ya wimbo, muuzaji hakusema kitu. Fundi wa pikipiki alituchongea ingine, tangu pale inashika.