The Replacements kwenye CD moja: ngoma 20 za bendi iliyojiharibia yenyewe

Haya, karibuni tena watu wangu. Leo sina simu mpya wala spika ya bluetooth. Nina CD. Mnaocheka, chekeni, nawasubiri.

Ngoja niisogeze kwenye kamera. Jina lake: Don't You Know Who I Think I Was? Mnamjua yule bwana anayezuiwa getini kwenye ukumbi, halafu anaanza kumfokea mlinzi, "Unanijua mimi ni nani wewe?" Hawa jamaa wameipindua: "Kwani hujui mimi nilikuwa najiona nani?" Mtu anajigamba na kujicheka kwa pumzi hiyohiyo. Ukilielewa jina hilo, bendi umeshaielewa nusu.

Bendi ni The Replacements, wa Minneapolis, Marekani, kule ambako maziwa yanaganda watu wanatembea juu yake. Walianza mwaka 1979. Paul Westerberg alikuwa mfanya usafi kwenye ofisi ya seneta. Jioni anarudi kwake kwa miguu, anasikia kelele za magita zinatoka kwenye nyumba ya watu, anasimama kusikiliza. Mle ndani gita analo Bob Stinson, dramu Chris Mars, na besi anapiga Tommy, mdogo wake Bob, mtoto ambaye hajafika hata miaka 14. Westerberg akaingia, na hatimaye yeye ndiye akawa mwimbaji na mtunzi.

Mkusanyiko huu ulitolewa na lebo ya Rhino mwaka 2006. Ngoma 20: nane za enzi za Twin/Tone, lebo ndogo ya nyumbani kwao, kumi za Sire, lebo kubwa, na mbili mpya. Kulikuwa na mkusanyiko mwingine wa 1997, diski mbili, lakini ule ulichota kwenye miaka ya Sire tu. Ni kama kumsimulia mtu kuanzia siku aliyopata kazi, utoto wake ukauacha.

Na utoto wenyewe ndio huu mtamu! Kids Don't Follow inaanza na sauti ya polisi anatawanya watu kwenye pati, na ni rekodi ya kweli, hakuna aliyeigiza. Halafu inakuja 1984, albamu yao ya Let It Be, na hapa nawaomba mtulie. I Will Dare inarukaruka kama mtoto aliyetumwa dukani na chenji akaambiwa abaki nayo; ile solo ya gita amepiga Peter Buck wa bendi ya R.E.M. Answering Machine ni Westerberg peke yake na gita lake la umeme, anagombana na mashine ya kupokea ujumbe wa simu. Ebu fikiria umekusanya ujasiri wiki nzima, unapiga, unajibiwa "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Ndiyo hiyo. Na Unsatisfied... jamaa sauti inamkatika, na hakuna aliyemwambia arudie. Nashukuru hawakumwambia.

Left of the Dial lazima niieleze kidogo. Marekani, masafa ya FM kuanzia 88 hadi 92, yaani upande wa kushoto kabisa wa redio, wametengewa watu wasiofanya biashara, na vituo vingi vya vyuo viko humo. Bendi kama hizi zilisikika huko tu. Kwa hiyo uko kwenye gari, unausukuma mshale kushoto, unatafuta sauti ya rafiki yako wa bendi nyingine, unaipata, gari linasonga mbele, mawimbi yanakufa. Wimbo mzima ni huo, na mimi kila nikiusikia natamani kumpigia mtu.

Sasa malalamiko. CD hii imewanyoa ndevu na kuwavalisha tai. Hawa ni watu waliopanda kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani kinachorushwa moja kwa moja, mwezi Januari 1986 wakiwa wamelewa, Westerberg akaropoka tusi hewani, wakapigwa marufuku. Lebo ikataka video ya Bastards of Young, wakapeleka picha ya spika. Spika tu, dakika hadi dakika, mpaka mwisho jamaa anainuka, anaipiga teke, anaondoka. Nyimbo zao za kipuuzi, kama ile ya Tommy kutolewa mafindofindo, humu hamna hata moja. Wamebakiza nyimbo nzuri tu. Na hata kwenye hizo nzuri, mmeisahauje Androgynous? Swingin Party nayo?

Jambo la pili ni sauti. Ngoma nne zinatoka Tim, albamu ya 1985, na miksi yake ya zamani, yaani jinsi sauti zilivyochanganywa, ndiyo iliyowekwa humu. Dramu zinasikika kama zinapigwa nyumba ya tatu. Mwaka 2023 prodyuza Ed Stasium aliimiksi upya albamu nzima, na ukishaisikia ile, kurudi kwenye hii ni adhabu.

Kwenye albamu ya 1987 Bob hayupo tena, wamerekodi Memphis, na Can't Hardly Wait inapigiwa mpaka tarumbeta. Kuna mashabiki hawajawasamehe hadi leo. Mimi naipenda, nipigeni. Baada ya hapo mambo yanazidi kung'arishwa. I'll Be You ilifika namba 51 kwenye Hot 100 ya Billboard, chati kuu ya nyimbo Marekani, na hawakuwahi kupanda juu zaidi. Zile mbili mpya za mwisho, Westerberg na Tommy wamemweka Josh Freese kwenye dramu, na Chris Mars akaja kuitikia tu bila kugusa fimbo. Si mbaya. Lakini mimi nikifika hapo huwa naenda kuchemsha chai.

Nawapa saba kwa kumi. Kama hujawahi kuwasikia, anza hapa, wiki ijayo utaitafuta Let It Be mwenyewe. Kama Let It Be na Tim unazo tayari, pesa yako kaa nayo.

Nilitaka kuwawekea kipande cha Answering Machine tuagane nacho, ila haki miliki watanifungia chaneli. Kaitafuteni.