Gesi, plati, kioo au induksheni: tathmini ya majiko manne na jinsi yanavyopasha sufuria moto

Muuzaji wa majiko hukimbilia kutaja wati, na mnunuzi naye hulinganisha wati, ilhali namba hiyo haimwambii mpishi jambo atakaloishi nalo kila siku, yaani joto linazaliwa wapi na linaifikiaje sufuria. Nimepikia aina zote nne kwa muda wa kutosha kuzizoea tabia zake, na hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa.

Gesi ya mtungi, ambayo kwa kawaida ni propani, butani au mchanganyiko wa hizo mbili, hutoka kwenye tundu dogo, huvuta hewa njiani, kisha huungua kwenye kichomeo. Mwali wa buluu ni dalili njema. Ule wa manjano unaoacha masizi chini ya sufuria unaonya kwamba hewa haitoshi au matundu yameziba, na hapo kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu, huongezeka, kwa hiyo dirisha lisifungwe. Sifa kubwa ya gesi ni utii: ukipunguza, moto hupungua papo hapo, tena huikumbatia hata sufuria yenye kitako cha mviringo. Lakini sehemu kubwa ya joto hilo hupanda pembeni mwa sufuria na kumwishia mpishi usoni, kiasi kwamba linaloingia chakulani mara nyingi halizidi asilimia 40.

Plati ya koili ni jiko sahili kuliko yote ya umeme. Ndani ya bomba la chuma lililojikunja mna waya wa nikromu, aloi ya metali inayopata moto umeme ukiipitia, umezungukwa na unga wa magnesiamu oksidi unaozuia umeme lakini unapitisha joto. Sufuria hupata moto hasa kwa kugusana na koili, hivyo iliyobonyea kitako huteseka. Ubaya wake niliuonja kwa maziwa: nilizima yalipoanza kupanda, nayo yakaendelea kupanda hadi yakamwagika, maana koili haipoi kwa kuamriwa.

Jiko la kioo la kawaida wengi hulidhania kuwa la induksheni kwa sababu yote mawili yana uso mweusi unaong'aa. Chini ya kioo hiki kuna utepe unaowaka mwekundu, na miale yake ya joto hupenya hadi kwenye sufuria. Utauona ukiwaka na kuzimika kwa zamu; huo ndio utaratibu wake wa kudhibiti joto, si ubovu. Ni rahisi kulifuta, ila halitii haraka kuliko plati kwa kiasi cha kujivunia.

Induksheni ndiyo iliyobadilisha fikra zangu kuhusu upishi. Chini ya kioo chake kuna koili ya shaba inayopitishwa mkondo wa umeme unaogeuka mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na uga wa sumaku unaotokea huamsha mikondo ndani ya kitako cha sufuria chenyewe. Joto linazaliwa ndani ya sufuria, na kioo hupata moto kwa kuazima tu kutoka kwake. Nilipochemsha maji kwenye sufuria nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, viputo vilianza kupanda kwa umbo la pete, palepale juu ya koili, huku katikati maji yakiwa yametulia. Ukizima, mchemko hukatika mara moja.

Hapa ndipo wati zinapoumbuka. Kupasha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 za Selsiasi kunahitaji takribani kilojuli 335 za nishati. Jiko la induksheni la wati 2000, likiingiza asilimia 85 ya nguvu zake kwenye sufuria, huimaliza kazi hiyo kwa dakika 3 na ushei. Kichomeo cha gesi chenye nguvu hizohizo, kwa asilimia 40, huhitaji dakika 7.

Masharti ya induksheni lakini ni magumu. Sufuria yangu ya alumini ililifanya jiko litoe mlio na kujizima, kwa kuwa linahitaji kitako kinachoshikwa na sumaku, tena kilicho bapa. Feni yake hunguruma, na mtu aliyewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo amwulize daktari wake kwanza.

Kwa mwenye umeme wa uhakika na sufuria zinazofaa, ninaiweka induksheni mbele, gesi ikiifuata kwa karibu; kwa anayepikia sufuria za alumini asizotaka kuziacha, gesi inabaki ya kwanza. Plati na kioo ninawapendekezea wanaochemsha zaidi kuliko kukaanga. Anayeelekea dukani kununua induksheni abebe sumaku ndogo pamoja na sufuria yake, na aombe kuliona jiko likipika kwa moto mdogo kabisa, kwa sababu baadhi ya yale ya bei nafuu hayapunguzi nguvu bali huwaka na kuzima, na mchuzi mzito hushika chini kila yanapowaka.