Vijiti vya Cuisenaire katika chekechea Lamu: vinachofundisha na visichofundisha

Vijiti hivi si vya kuhesabia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalowaponza walimu wengi wanaovinunua. Mwalimu huwagawia watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea, PP2 ni wa pili), akawaambia wahesabu moja, mbili, tatu, na baada ya wiki mbili sanduku linarudi kabatini. Kijiti halisi cha Cuisenaire hakina alama wala mstari wowote. Hakihesabiki, kinalinganishwa na kingine, basi. Mtoto anayejua hivyo anaiona 5 kama kitu kizima chenye 2 na 3 ndani yake, au 4 na 1, na hapo ndipo kujumlisha na kutoa kunapoanzia. Kwa kazi hiyo moja sijatumia kifaa kinachovifikia. Kwa kazi nyingine, komwe za bao zinatosha na ni bure.

Kwa asiyevijua: ni vipande vya mbao au plastiki vyenye unene wa sm 1 kwa sm 1, na urefu unaopanda kutoka sm 1 hadi sm 10, kila urefu na rangi yake. Cheupe ni 1, chekundu 2, kijani hafifu 3, zambarau 4, manjano 5, kijani kilichokoza 6, cheusi 7, hudhurungi 8, buluu 9, na cha rangi ya chungwa 10. Alivibuni Georges Cuisenaire, mwalimu wa Ubelgiji, akavieleza katika kitabu chake cha 1952, na mwanahisabati Caleb Gattegno ndiye aliyevieneza nchi nyingine. Sanduku dogo la kawaida, ambalo ndilo ninalotumia, lina vijiti 74: vyeupe 22, vyekundu 12, kijani hafifu 10, zambarau 6, na vinne vinne kwa kila rangi iliyobaki. Ukivipanga vyote mstari mmoja unapata sm 280. Ni mzigo mdogo, kwa hiyo kuvisafirisha kwa basi hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kuvivusha kwa boti si gharama ya kutisha.

Tatizo la kwanza ni usahihi wa vipimo. Masanduku ya bei rahisi hupakwa rangi nzito, na rangi hiyo hukaa pia kwenye ncha mbili za kila kijiti. Kijiti kirefu kina ncha mbili tu, lakini vyeupe kumi vina ncha ishirini. Kila cheupe kikizidi robo ya milimita, kumi vikipangwa pamoja vinalipita chungwa kwa zaidi ya milimita mbili, na mtoto ana haki kabisa ya kusema havilingani. Ukilipata sanduku mkononi kabla ya kulipa, fanya jaribio hili: panga vyeupe kumi kando ya chungwa, kisha vyekundu vitano, kisha manjano mawili. Pitisha kidole kwenye ncha. Kidole kikikwama, rudisha.

Kwa vijiti vya mbao, hewa ya huku nayo ina lake. Mbao hunywa unyevu na kunenepa kwa upana wake, ila kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana vijiti virefu vinabaki sawa hata wakati wa masika. Vyeupe ndivyo vinavyosumbua: kwa kuwa ni mchemraba, mtoto hukilaza upande wowote, na kikilala kwa upana wa nyuzi, kumi vinaweza kuzidi milimita moja au mbili. Ukiangalia kwa karibu utaona nyuzi upande mmoja na duara za mbao upande wa pili. Ukizigeuza nyuzi zote zifuate mstari wa vijiti, vinakaa sawa. Vya plastiki havina taabu hii, vinaoshwa kwa maji ya sabuni, na chumvi ya hewani haivifanyi kitu. Vinateleza tu, na vingi huuzwa vikiwa na mikwaruzo ya kugawa kila sentimita. Hivyo vyenye mikwaruzo usichukue, kwa maana mtoto atahesabu mikwaruzo na faida yote itapotea. Kama unanunua bila kuona, ningechagua plastiki tupu isiyo na alama. Kama unaweza kupima kwanza, chukua mbao. Zinashikika vizuri zaidi kwa vidole vidogo.

Jambo la pili ni mwanga. Vyumba vya nyumba za kale za mji wa Lamu vina kuta nene za mawe na madirisha machache, na mwanga mwingi huingia kutoka kiwandani, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu. Ndani ya chumba kama hicho, cheusi, buluu, hudhurungi na kijani kilichokoza ni rangi moja. Watoto wakae karibu na kiwanda, au kazi ya vijiti virefu ifanywe asubuhi mlango ukiwa wazi. Na rangi mbili za kijani ni udhaifu wa kifaa chenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka minne huita zote kijani. Mimi natumia kijani kifupi na kijani kirefu, na hakuna anayechanganya.

Tatu, pa kuvipanga. Mkeka wa ukindu una mabonde kwenye msuko wake, vyeupe huinama ndani yake na mstari unapinda. Sinia nayo ni ya duara, haina ukingo ulionyooka. Kinachofaa ni kipande cha plaiwudi cha sm 30 kwa sm 40 kilichopigiliwa ubao mwembamba upande mmoja. Ule ubao ndio ukuta wa kuegemeza vijiti, na bila ukuta nusu ya mafunzo yataharibika, kama nitakavyoeleza.

Kabla ya sanduku kufunguliwa, mtoto awe anajua kuhesabu kweli. Wanasaikolojia Rochel Gelman na C. R. Gallistel walitaja mwaka 1978 kanuni tano ambazo mpaka leo ndizo ninazopimia: kila kitu kipewe neno moja la hesabu, maneno yafuatane kwa mpangilio usiobadilika, neno la mwisho ndilo jawabu la vingapi, unaweza kuhesabu kitu chochote, na haijalishi uanzie wapi. Watoto wetu wengi huja na ile ya pili tu. Wanaimba moja hadi ishirini bila kukosea. Mwambie mtoto huyo, "Nipe komwe nne," atachota fumba la mkono. Huyo hajawa tayari kwa vijiti. Mweke kwenye komwe, kwenye kete, kwenye vifuniko vya soda, ahamishe kimoja kimoja kutoka kikombe hiki kwenda kile huku akitaja. Kuhamisha ni muhimu, kwa sababu akigusa tu bila kuhamisha hurudia alichokwisha kukihesabu. Akimaliza, muulize "vingapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kujibu, kanuni ya tatu bado. Kiswahili kinakusaidia hapo: wakati wa kuhesabu sema moja, mbili, tatu, halafu funga kwa kuzungusha mkono juu ya zote na kusema "vifuniko vitatu". Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, kwa hiyo ule mkono unaozunguka usiuache. Na mtoto anayesema moya kama nyumbani kwao hajakosea hesabu, mwache aendelee.

Akiweza kukupa nne na tano bila kubahatisha, fungua sanduku.

Mwanzoni wajenge wanavyotaka: nyumba, gati, jahazi. Usiulize maswali ya hesabu. Katika kujenga huko watagundua wenyewe kwamba vyekundu viwili vinaziba nafasi ya zambarau kimoja, na utasikia wakiambizana. Wiki nzima ya hivyo si hasara. Hatua inayofuata ni ngazi, kutoka cheupe hadi chungwa, na hapo ndipo ule ukuta wa plaiwudi unapohitajika. Mtoto mdogo huangalia ncha za juu tu. Atakupangia ngazi nzuri ajabu kwa macho, huku chini vijiti vimeachana, hudhurungi imepandishwa ili ipite buluu. Vikiegemea ukuta, hila hiyo haiwezekani. Baada ya ngazi kusimama, vuta kijiti kimoja akiwa amefumba macho, sukuma vilivyobaki vifunge pengo, muulize kipi kimeondoka. Kisha weka cheupe juu ya kila ngazi ili aone kwamba kila hatua ni moja zaidi ya iliyotangulia.

Kosa kubwa hapa ni rangi kugeuka jina la namba. Mtoto anakariri "manjano ni tano" kama anavyokariri jina la paka, wala hafikirii urefu. Unamjua kwa kumpa mfuko wa kitambaa wenye vijiti vitatu ndani, cheupe, zambarau na buluu, na kumwambia atoe kile cha katikati kwa kupapasa. Anayejua urefu hutoa zambarau papo hapo. Anayejua rangi tu hujaribu kuchungulia. Kwa sababu hiyo hiyo nawaomba walimu wasiandike tarakimu kwenye vijiti kwa kalamu ya wino. Leo cheupe ni 1, lakini darasa la juu mwalimu atataka chungwa iwe kitu kizima kimoja ili manjano iwe nusu yake, na kijiti kilichoandikwa 5 hakitamruhusu. Tarakimu ziwe kwenye kadi, na kadi zije baadaye kabisa.

Sasa kiini cha kifaa. Vijiti vilivyopangwa kichwa kwa mkia tunaviita msafara wa punda, na watoto huelewa mara moja, maana ndio wanaowapisha kwenye vichochoro. Misafara yenye urefu sawa ikilazwa moja chini ya nyingine tunaiita mkeka. Weka zambarau kwenye ukuta, mwambie mtoto asuke mkeka wake. Kuna njia 8 ukihesabu zambarau yenyewe na ukikubali kwamba cheupe kisha kijani si sawa na kijani kisha cheupe. Mtoto wa PP2 akiachwa atafika 5 au 6, na inatosha. Ukimwonyesha zilizobaki atasuka za kwako, hatatafuta zake. Asome kila mstari kwa sauti: mbili na mbili ni nne, moja na tatu ni nne. Alama ya kujumlisha haihitajiki bado. Kutoa kunatoka hapo hapo: laza zambarau, juu yake weka chekundu, uliza kijiti gani kitaziba palipobaki.

Ni hapa pia unapojua ukubwa halisi wa sanduku. Mkeka kamili wa zambarau unataka vyeupe 12, na sanduku lina 22, kwa hiyo watoto wawili hawawezi kusuka mkeka kamili kila mmoja. Wanapungukiwa na viwili. Mkeka kamili wa manjano una njia 16 na unataka vyeupe 28. Sanduku moja halitoshi hata kwa mtoto mmoja, japo vyekundu 12 vilivyomo vinatosha kwa hesabu kamili. Muuzaji anayeandika kwamba sanduku moja ni la watoto sita hajawahi kukaa nao. Kwa darasa la watoto 30 nashauri masanduku matatu, watoto sita kwa wakati mmoja, wawili kwa sanduku, wengine wakiwa kwenye mchanga, maji na komwe. Dakika 20 kwa kikundi. Zaidi ya hapo vijiti vinakuwa panga.

Namba za juu ya kumi zinakwenda kwa wepesi. Kumi na tatu unavilaza kama unavyoitamka, chungwa kisha kijani kifupi. Shule inayofundisha kwa Kiingereza ianze kwa Kiswahili hata hivyo, kwa kuwa majina ya Kiingereza ya 11 na 12 hayaonyeshi kumi iliyomo ndani.

Vinavyopotea ni vyeupe. Vinaingia mifukoni, vinaanguka kwenye nyufa, na mtoto mdogo hukimeza, kwa hiyo wadogo zao wa chini ya miaka mitatu wasikae karibu. Hesabu kila baada ya kipindi kwa kuvipanga: vyeupe vikijaza chungwa mbili na kubaki viwili, vimetimia. Vya kujaza pengo mwambie seremala akupasulie mche wa paini wa sm 1 kwa sm 1. Mita 3 na nusu zinatosha sanduku zima pamoja na kinacholiwa na msumeno. Kwa vyeupe 22 peke yake, sm 30. Msumeno uwe wa meno madogo, na apigilie kizuizi mezani ili kila kipande kikatwe kwa kipimo kile kile, asipime upya kwa rula kila mara, kwa sababu makosa madogo ya rula yatajumlishana. Ncha zipitishwe msasa mara mbili tatu tu. Usizipake rangi, mbao yenyewe ni nyeupe vya kutosha. Kwa vyekundu, rangi ya chakula iliyokorogwa kwa maji kidogo huingia ndani ya mbao bila kuongeza unene. Hupauka upesi juani, lakini watoto hutia vijiti mdomoni, na hiyo naiamini kuliko rangi ya dukani isiyojulikana ina nini.