Ruta ya bei nafuu: uliza koleti kabla ya wati

Karakana yangu ipo Mbauda, Arusha, na kazi zangu kubwa ni milango, vitanda na makabati ya jikoni. Nilitaka ruta, mashine ya umeme inayochonga mbao kwa kisu kinachozunguka, ya kupiga urembo kwenye kingo na kuchimba nafasi za bawaba. Nikachukua ile ndogo ya kushika kwa mkono mmoja, ya Kichina, wati 710, chini ya laki mbili.

Madukani kila muuzaji anakuanzishia habari ya wati. Mimi niliuliza koleti, kile kibanio kinachoshika mkia wa kisu, ni ya saizi gani. Yangu ni robo inchi, yaani milimita 6.35, na ndiyo saizi ya visu nilivyoviona vingi zaidi mjini. Mashine kubwa hutumia nusu inchi, 12.7. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya mara nyingi ni milimita 8, na kisu cha 8 utakitafuta madukani mpaka jioni.

Nilipofika kwenye visu, muuzaji akanipa seti ya milimita 6. "Fundi, sita na robo inchi ni kilekile, kaza tu." Nikamwomba vernia, kile kipimo cha unene, tukapima palepale kaunta: 6 kamili. Hiyo 0.35 inayobaki usiidharau. Koleti imepasuliwa ijibane kidogo tu, kwa mkia wa saizi yake. Mkia mwembamba inaushika kwa mdomo, na mashine hii inafika mizunguko 30,000 kwa dakika. Kisu kinaanza kushuka taratibu kwa mtetemo, mfereji ulioanza na kina cha milimita 5 unaishia 7, na siku mbaya kinachomoka kizima. Bila ubishi akaenda stoo kuniletea seti ya robo inchi. Kilichoniudhi ni kwamba boksi la mashine limechorwa koleti mbili, ya 6 na ya 6.35, ndani ipo moja.

Kazi yenyewe? Kwenye paini na saipresi inateleza vizuri, kona ya mviringo ya milimita 6 napiga mara moja na msasa unabaki kidogo. Mninga na mkongo vinataka subira: milimita 2 au 3 kwa kila mpito, na mkono usisimame, maana ukisimama mbao inaungua na ile alama nyeusi haitoki kirahisi. Visu chukua vyenye ncha ya kabaidi, ile metali ngumu sana. Vya chuma kitupu vinakufa haraka sana kwenye MDF, zile mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, kwa sababu ya gundi yake.

Kisu cha paneli ya mlango, kile kipana cha zaidi ya milimita 50, sikifungi humu hata kama mkia unaingia. Kinataka mashine ya nusu inchi iliyofungwa kwenye meza, tena kwa mwendo wa chini, kama 12,000 hivi. Paneli zangu napeleka kwa jirani mwenye mashine hiyo.

Udhaifu wake mwingine ni kiongozi cha pembeni, kile kinachotembea kwenye ukingo wa mbao ili mstari unyooke. Ni bati jepesi, ukiegemea kidogo kinapinda na mstari unapotea. Nimekifungia kipande cha mninga kwa skrubu mbili, sasa kinatulia.

Kuna watakaokushauri mtumba wa Uingereza. Ni mashine imara kweli, lakini angalia plagi: ikiwa ya njano, ile ni ya volti 110, ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 bila transfoma umeiua.

Kwa fundi wa makabati na fremu, hii ningeinunua tena. Wa milango ya paneli kila wiki aongeze hela achukue ya nusu inchi. Na kabla hujalipa, waulize kama kaboni zake, zile za kupeleka umeme kwenye mota, wanauza, kwa kuwa ndizo zitakazoisha mwanzo.